Upondo wa Mwalimu Wiebrich

Den Haag, 11 Machi

Shikamoo Mwalimu wangu,

Najua utashangaa kupata barua ndefu kutoka kwangu, maana tangu niolewe nimekuletea kadi tu, tena za kuandikiwa na watu wa ofisini. Hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa Kiholanzi ulichonifundisha wewe, kwa hiyo makosa yake tugawane.

Mwalimu, nimeaibika. Mwezi uliopita wamenifanya mlezi wa chama kinachofundisha watoto wa nchi nzima kuogelea. Wakaja na maua, wakanibandika beji kifuani, tukapigwa picha. Jumamosi ikawa shughuli yangu ya kwanza: nishuke kwenye mashua pamoja na watoto, tupite mferejini mbele ya watu, nipunge mkono. Nikafika kwenye ngazi, nikayaona yale maji meusi, miguu ikagoma. Nikasema kichwa kinaniuma. Watoto wakaenda peke yao na kofia zao za karatasi. Kesho yake gazeti likaandika kwamba Binti Mfalme wa kutoka milimani haoni raha kukaa benchi moja na watoto wa watu wa kawaida.

Si kweli hata chembe! Sijui kuogelea, basi. Kwetu Engadina, huko milimani, ziwa ni la kutazama. Kiangazi maji yake yanakata mfupa, na wakati wa baridi tunapita juu yake na farasi. Baba yangu ni daktari wa mifugo, ana watoto watano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulowa kupita magoti. Huku kwenu waliniuliza dini yangu, wakaniuliza meno yangu, wakaniuliza siasa za mjomba wangu. Kuogelea hawakuuliza. Ni kama vile humuulizi mtu kama anajua kutafuna.

Hilo peke yake ningelimeza. Lakini Machteld ametimiza miaka sita, wenzake wote wako kwenye masomo ya kuogelea, na yeye kila akipelekwa anang'ang'ania nguzo ya mlango: "Mama haingii, na mimi siingii!" Na nyuma ya bustani yetu kuna mfereji, Mwalimu. Nilisema pajengwe uzio, mtunza bustani akacheka akidhani natania. Juzi nimemkuta mtoto ameinama ukingoni anamtafuta bata. Nilimvuta kwa nywele. Usingizi wangu umeishia siku ile. Woga wangu nimemwambukiza kama mafua, na siku moja utamuua.

Nifanyeje? Hata Diederik sijamwambia. Miaka minane ya ndoa, anaamini napenda tu kukaa kivulini ufukweni.

Mwanafunzi wako,
Seraina


Eastersyl, 15 Machi

Mwanangu Seraina,

Marahaba. Makosa ninayakataa, mengi ni ya uvivu wako mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikacheka mpaka paka akashuka mapajani. Mara ya pili nikaiweka kahawa chini. Lo! Una mtu wa kukufungulia mlango, una mtu wa kukushikia mwavuli, na katika jumba zima hakuna hata mmoja wa kukuuliza swali la maana?

Sasa nisikilize. Ile miezi uliyolala chumba changu cha juu kabla ya harusi, ukijifunza lugha, ilikuwa ya baridi, kwa hiyo hukuiona kazi yangu ya kiangazi. Miaka arobaini nimesimama kwenye ukingo wa bwawa la Eastersyl na upondo mkononi, ule mrefu wenye kulabu mbele. Mtoto anaishika kulabu, mimi natembea naye ukingoni, namhesabia miguu: kunja, tanua, funga! Kunja, tanua, funga! Mwokaji wetu, mchungaji wetu, hata Sietse anayelinda bwawa siku hizi, wote wamepita kwenye upondo ule. Hakuna aliyezama.

Bwawa letu halina vigae kama yale ya huko mjini. Ni kipande cha mfereji kilichozungushiwa mbao, na samaki wamo. Linafunguliwa Mei. Njoo, na mtoto umlete. Mwisho wa Agosti kuna mtihani wa watoto, ule wa kuogelea na nguo zako zote na viatu, kwa sababu sijawahi kusikia mtu ameanguka mferejini akiwa amevaa vazi la kuogelea. Wahenga wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi hata nguo hatuvui.

Wakati unasubiri, lala kifudifudi juu ya kile kigoda cha piano, miguu nje, ufanye mazoezi kila asubuhi. Nasema kweli, usicheke.

Na jina lako bado liko chooni kwangu. Usinune! Umekaa nasi vya kutosha kujua kwamba kalenda ya siku za kuzaliwa hukaa chooni, pale mtu anapotulia akawakumbuka wenzake. Wengine huandika hata majirani wasiowapenda. Mimi siandiki ovyo. Tangu mume wangu afariki nimeongeza majina mawili tu, lako na la Machteld.

Wako,
Wiebrich Hoekema


Den Haag, 2 Aprili

Mwalimu wangu mpenzi,

Mtumishi wa chai ameniona. Nilikuwa juu ya kigoda cha piano, sketi imepanda, miguu inatanuka, nahesabu kwa sauti yako. Aliweka sinia mezani, akasema "Mama," akatoka kinyumenyume. Kufikia jioni Diederik alishapata habari kwamba mke wake anapatwa na kifafa.

Ikabidi nimwambie. Alicheka kidogo, halafu akaniangalia, akaacha. Akasema, "Miaka yote ile baharini, kumbe ulikuwa unaogopa?" Nikasema ndiyo. Akasema yeye ni mjinga, nami sikumbishia.

Tatizo ni Bwana van Aldendorp, katibu wa nyumba yetu. Unamjua, yule anayevaa uso wa msiba hata kwenye harusi. Anasema Binti Mfalme akionekana anafundishwa kuogelea, itakuwa tumekiri kwamba alipewa ulezi wa kitu asichokijua. Nikamwambia si ndivyo ilivyo? Akasema, ndiyo, Mama, ndiyo maana. Tumekubaliana hivi: naja Eastersyl kila Alhamisi "kunoa Kiholanzi changu". Ukiulizwa, tunasoma vitenzi.

Naomba usimwambie mtu. Funika kombe mwanaharamu apite.

Seraina


Den Haag, 20 Mei

Mwalimu,

Bado nina matope masikioni na nina furaha kama mwendawazimu.

Nilidhani kijiji kizima kingesimama ukingoni kunitazama. Mwokaji alinipita na baiskeli, akasema, "Maji mazuri leo, bibie," akaenda zake. Yule mama wa posta aliniazima taulo bila hata kuniangalia usoni. Nilipokuuliza kama hawajanitambua, ukasema, "Wamekutambua kabla hujashuka garini. Ila hapa anayejifunza hatazamwi." Mwalimu, tangu niingie nchi hii sijawahi kupewa zawadi kubwa kama ile, kutotazamwa.

Lakini baridi ile! Na magugu maji yananishika miguu kama wadai! Niliposhika kulabu na wewe ukaanza kutembea, nilitaka kupiga kelele nikashindwa kwa kutetemeka. Halafu ukaanza "kunja, tanua, funga", na miguu ikakumbuka kigoda cha piano. Kweli ilikumbuka!

Nilikuomba uingie nami sehemu ya kina, ukasema goti linakuuma. Pole sana na hilo goti. Nitakuletea dawa ya kuchua ya kwetu, baba yangu huwapaka ng'ombe na wanapona.

Machteld anabaki kwenye benchi na soksi zake. Nimesema asilazimishwe. Lakini garini aliniuliza, "Mama, ulikuwa unalia au yalikuwa maji?" Nikasema vyote viwili.

Seraina wako


Eastersyl, 4 Juni

Mwanangu,

Alhamisi ilikwenda vizuri, ila mguu wako wa kushoto ni wa kifalme kupita kiasi, haufanyi kazi, unasubiri wa kulia uufanyie. Uamshe.

Dawa ya ng'ombe imefika. Inanuka vibaya sana. Paka amehamia kwa jirani.

Yule katibu wenu amenipigia simu. Akauliza, kwa sauti ya kuzungumza na mgonjwa, kama masomo yanaendelea vyema. Nikamwambia mwanafunzi ana shida na vitenzi vya mwendo. Akasema ataliwasilisha hilo. Simwonei huruma hata kidogo.

Alhamisi ijayo utaachia kulabu. Utapita kina kirefu mwenyewe na mimi nitakuwa pembeni yako ukingoni hatua kwa hatua. Usiogope, nipo.

Wiebrich


Den Haag, 19 Juni

Mwalimu Hoekema,

Nimesubiri siku kadhaa ili nisikuandikie kwa hasira, na hasira haijaisha, basi naandika nayo.

Uliniambia niachie, nikaachia. Ukasema upo. Nilipokatika pumzi katikati ya kina kirefu nikazama, nilifungua macho chini ya maji nikaona kivuli chako juu, kimesimama. Nikaja juu nikaita jina lako, nikazama tena. Ulikuwa umesimama! Upondo ulikuwa unaelea mbali, sijui kama uliuangusha au uliutupa. Aliyenitoa ni Sietse, alitoka kule kwenye kibanda cha tiketi akikimbia na buti zake.

Machteld aliona yote. Mtoto niliyemleta ajifunze kutoogopa alimwona mama yake anazama na mwalimu anatazama.

Naelewa goti. Hata hivyo mtu mwenye goti bovu huruka mtu wake akizama. Au lilikuwa somo? Ulitaka nimeze maji kidogo ili nisiogope tena? Nimesikia kwamba zamani mlifundisha hivyo. Kama ndivyo, ungenitendea hivyo nikiwa peke yangu, si mbele ya mwanangu.

Nilikupenda kama mama, Mwalimu. Ndiyo maana nauliza: kwa nini ulisimama?

Seraina


Eastersyl, 24 Juni

Mheshimiwa Binti Mfalme,

Una haki ya kukasirika. Halikuwa somo. Sina neno la kujitetea.

Sietse ni mwogeleaji mzuri na kijana wa adabu, atakufundisha vizuri kuliko mimi. Nimeshamwambia. Mguu wa kushoto aufuatilie.

Chupa ya dawa nimeiosha na nitairudisha kwa posta.

W. Hoekema


Den Haag, 3 Julai

Mwalimu wangu,

Usiirudishe chupa. Tafadhali soma hii mpaka mwisho kabla hujainuka kitini.

Jana nilikuwa namwogesha Machteld, nikamwambia hatutakwenda tena kwa Bibi Wiebrich. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu mama alizama na Bibi hakumsaidia. Akaniangalia kama vile nimesema uongo. Akasema, "Si kweli. Bibi aliingia."

Nikamwuliza aliingia wapi. Akasema, "Alishuka ngazi na viatu vyake. Maji yakafika hapa," akaonyesha tumbo lake. "Halafu akaikumbatia nguzo, akalia, akashindwa kuiachia. Kama mimi, Mama. Bibi ni kama mimi."

Mwalimu, nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu, nikalowa mpaka ndani. Nikakumbuka kwamba Sietse aliponitoa, ulikuwa umekaa kwenye benchi umejifunika taulo kubwa magotini, na mimi katika hasira yangu sikujiuliza kwa nini.

Leo asubuhi nimempigia Sietse simu. Nikamwuliza moja kwa moja. Akasema, "Bibie, sisi sote tunajua. Tangu tukiwa watoto tunajua. Hatusemi." Nikauliza kwa nini hamsemi. Akasema, "Angeacha kufundisha. Na nani angetufundisha kama yeye?"

Unasikia? Kijiji kizima! Mwokaji anajua. Mchungaji anajua. Mama wa posta anajua. Miaka arobaini wamekupita na baiskeli zao wakisema maji mazuri leo, na hakuna aliyekutazama. Ile zawadi niliyojivunia kwamba nimepewa mimi, walikuwa wamezoea kuitoa kwako.

Nisamehe kwa barua yangu. Nilidhani ulisimama kwa moyo mgumu. Kumbe wewe, usiyejua kuogelea kama mimi, ulishuka kunifuata.

Na nina habari nyingine. Nilipomvisha nguo za kulala, Machteld akasema, "Bibi akiogopa peke yake si vizuri. Mimi nitaingia nimshike mkono." Hilo ndilo neno nililolisubiri mwaka mzima, na halikutoka kwa ajili yangu.

Alhamisi tunakuja. Fungua mlango.

Mwanao,
Seraina


Eastersyl, 8 Julai

Mwanangu Seraina,

Barua yako ilinikuta jikoni. Sikwenda dukani kwa siku mbili. Utamtazamaje usoni mwokaji ambaye miaka yote hiyo anajua, nawe ulikuwa unampigia kelele akunje miguu? Siku ya tatu mkate uliniishia, nikaenda. Akaniuliza kama nataka wa kawaida au wa ngano nzima. Nikalia pale pale dukani kama mtoto mdogo. Akanipa wa ngano nzima.

Uliuliza kwa nini nilisimama, nami nitakujibu, maana unastahili. Nilizaliwa kwenye tishari la kubeba mboji ya kuwashia moto, mimi na kaka zangu. Watu wa matishari hawajifunzi kuogelea. Baba alisema anayejua kuogelea huchelewa kufa tu, anateseka bure. Mama alitufunga kamba kiunoni, ncha nyingine kwenye mlingoti, mpaka tukawa wakubwa. Mimi nimekulia juu ya maji bila kuyaingia. Nikaenda kusomea ualimu, nikaletwa hapa, na kiangazi cha kwanza mkuu wa shule akanipa upondo, akasema, "Bibi mdogo, zamu yako bwawani ni Jumatano na Jumamosi." Basi. Alikuwa amesikia nimetoka kwenye tishari, akadhani nimezaliwa na mapezi.

Hakuuliza, Seraina. Na mimi nilikuwa mgeni, msichana mwenye sketi moja, nikaona haya kusema. Mwaka wa pili ilikuwa imeshachelewa. Nikasoma kitabu, nikajifunza miguu inavyokwenda kwa kuwatazama vyura, na kweli mafundisho yalishika. Lakini kila mtoto alipoachia kulabu nilikufa kidogo.

Mje Alhamisi. Nitaoka keki ya tufaha, na safari hii hata kipande cha pili nitakupa, usije ukaandika kwenu kwamba sisi Wafrisia wa huku ni wachoyo wa kuhesabu biskuti.

Majini, hapana. Nina miaka sitini na tano. Machteld anishike mkono nikiwa ukingoni, inatosha.

Wiebrich wako


Den Haag, 12 Agosti

Mwalimu mkaidi,

Machteld anaota kuogelea, anapiga mateke kitandani. Sietse anasema atafaulu. Mimi pia anasema nitafaulu kama mguu wa kushoto ukiamka. Na wewe uliyesema majini hapana, Alhamisi umefika mpaka kifuani, usidhani sikuona, ulikuwa umemshika mtoto mkono na unamwambia, "Usiogope, Bibi yupo," na meno yako yanagongana.

Sasa kuna balaa. Magazeti yamejua. Sijui nani kasema, si mtu wa Eastersyl, nina hakika. Bwana van Aldendorp amekuja na karatasi tatu za sababu. Anataka siku ya mtihani nikae jukwaani na kofia, nitoe vyeti, nirudi. Nikiingia majini na nguo, picha ya Binti Mfalme anayechuruzika kama paka itazunguka dunia nzima. Nikizama mbele ya kamera, amesema, ulezi utanitoka, na heshima itafuata nyuma yake. Na mwisho akaniambia kitu kilichonichoma. "Mama, wananchi bado hawajaamua kama wewe ni wao."

Nilikwenda kwa mama mkwe wangu, Malkia. Unamjua, si mtu wa maneno. Alikuwa anamenya njegere, ndiyo raha yake. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mlezi wa waogeleaji, naye mkavu? Hiyo ni sawa na mwokaji anayeogopa mkate." Akaniuliza kama naogopa. Nikasema sana. Akasema, "Vaa viatu vyepesi."

Kwa hiyo naingia. Lakini, Mwalimu, nakuomba kitu, na sikuombi kama Binti Mfalme. Kule mbele ya kamera sitaki kutafuta ukingoni kivuli kilichosimama. Nataka nikigeuka nikione kichwa chako kando ya changu, kimelowa. Nimeandikisha majina matatu. Sietse amesema sheria ya mtihani haitaji umri popote, ameisoma yote.

Ukija utavaa viatu gani?

Seraina


Eastersyl, 17 Agosti

Vya kanisani. Vya kufungwa kamba. Na usiniulize tena, nisije nikabadili mawazo.

W.


Eastersyl, 2 Septemba

Mwanangu Seraina,

Kiatu cha kulia hakijapatikana. Sietse amekitafuta na neti, ametoa ndoo, miwani ya mtu, na samaki mmoja mkubwa ambaye nina wasiwasi ndiye amekivaa. Jumapili nimekwenda kanisani na ndala za bwawani. Mchungaji alitazama miguu yangu, akabadilisha mahubiri, akazungumzia kutembea juu ya maji. Kanisa zima likacheka, nami nikacheka nao.

Gazeti umeliona. Mimi nimenunua manne. Ile picha, nywele zako zimekulalia usoni, magugu maji yananing'inia kwenye ile beji yako ya ulezi, na mdomo wangu uko wazi kama wa chewa. Mwokaji ameibandika dirishani juu ya mikate. Namwuliza bei ya picha, ananiambia ninunue mkate. Na chini yake hawakuandika Binti Mfalme wa kutoka milimani. Wameandika "Binti Mfalme wetu". Mwambie Bwana van Aldendorp kwamba wananchi wameshaamua. Mwambie taratibu, ana moyo dhaifu.

Nataka ujue jambo moja, maana ulikuwa mbele yangu na hukuliona. Pale katikati, kwenye kina kirefu, pumzi zilinikatika. Nikamtafuta Sietse na upondo wangu, alikuwa nao, alikuwa tayari kuunyosha. Na mtoto wako, mwenye viatu vya mvua vilivyojaa maji, akageuza shingo akanipigia kelele mbele ya kamera zote na jukwaa lote: "Bibi! Kunja, tanua, funga!" Sauti ilikuwa yangu mwenyewe, ya miaka arobaini. Ndipo nilipowasikia. Ukingo mzima, Seraina, mwokaji, mama wa posta, mchungaji, watu wazima niliowafundisha wakiwa na meno ya maziwa, wote wananihesabia kwa pamoja: kunja, tanua, funga! Watu wasionitazama miaka arobaini walikuwa wananitazama, na wengi walikuwa wanalia. Basi nikafika.

Cheti changu saini yako imechuruzika wino, kwa sababu mlezi wa chama alikisaini bila kujifuta mikono. Sietse alitaka kunipa kingine kisafi, nikamkatalia. Nimekitundika chooni, kando ya kalenda, kwenye mstari wa jina lako. Wageni siku hizi wakiingia wanakawia, nami sibishi hodi.

Kwa njia ya reli nakutumia mzigo mrefu. Ni upondo. Usimpe Machteld, hauhitaji tena. Yule mtunza bustani wenu, aliyecheka ulipotaka uzio, ambaye kutwa anakata majani ukingoni mwa mfereji: siku moja mpelekee kahawa, kaa naye chini, umuulize kama anajua kuogelea.

Bibi yenu,
Wiebrich


Den Haag, 9 Septemba

Shikamoo Bibi,

Nimemuuliza.

Tunaanza Alhamisi.

Seraina